Je, MRI inaweza kuchukua nafasi ya mrija wa moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Newala. Dada yangu ana miaka 36 na watoto wawili. Tangu mwaka jana akitembea kidogo tu anahema, jioni miguu inavimba, na mwezi uliopita alianguka bombani akazimia kwa muda mfupi. Tulimpeleka Mtwara mjini akapigwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Wameandika shinikizo la upande wa kulia wa moyo ni 68 na kwamba anahisiwa kuwa na presha ya mapafu. Wanataka aende Dar es Salaam akaingizwe mrija mpaka kwenye moyo. Dada amegoma, anaogopa. Binamu yetu anasema siku hizi MRI inaona kila kitu, mrija wa nini tena? Je, MRI peke yake inatosha? Halafu ana chuma mguuni tangu ajali ya bodaboda miaka mitatu iliyopita, ataruhusiwa kuingia kwenye mashine? Tunasubiri malipo ya korosho ndipo tusafiri.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni kwa kuuguza. Kabla sijagusa MRI nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita: dada alizimia bombani. Mwenye presha ya mapafu akianza kuzimia, ina maana mwili ukidai damu zaidi moyo hauna ya kuongeza. Ni moja ya dalili zinazotufanya tumtoe mgonjwa nyuma ya foleni tumlete mbele. Kwa hiyo msisubiri mnada. Kopeni, changishaneni, zungumzeni na chama chenu cha msingi, korosho italipa baadaye. Kuanzia leo asibebe ndoo wala asipande mlima kutoka bondeni. Akizimia tena, au midomo ikibadilika rangi, au akihema hali amekaa, hiyo ni safari ya hospitali ya karibu usiku huohuo.

Sasa MRI. Peke yake haitoshi. Binamu hajakosea sana, maana hakuna kipimo kinachouonyesha upande wa kulia wa moyo vizuri kuliko MRI. Kinachoikwepa ni kitu kimoja tu, na ndicho mnachokitafuta: shinikizo lenyewe.

Presha ya mapafu hutambulishwa kwa namba. Damu ikitoka chumba cha chini cha kulia cha moyo huenda mapafuni kuchukua hewa, na njia hiyo kwa kawaida ni laini. Mtu mzima mwenye afya akiwa amepumzika, wastani wa shinikizo humo ni kama milimita 14 za zebaki, wakati presha tunayoipima mkononi ni 120 kwa 80. Zamani tulisema mgonjwa ni yule aliyefika 25. Mkutano wa wataalamu wa dunia uliofanyika Nice, Ufaransa, mwaka 2018 ukashusha mstari: wastani ukizidi 20, hiyo ni presha ya mapafu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeshika hapohapo. Namba hiyo hupatikana kwa kufika na kipimo ndani ya mshipa wenyewe. Ndiyo kazi ya mrija, yaani katheta.

MRI inafanya kazi nyingine. Ni sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5, yenye nguvu takriban mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Ukilala ndani yake, chembe za hidrojeni zilizo kwenye maji na mafuta ya mwili hujipanga, mashine inazigusa kwa mawimbi ya redio, zinajibu, kompyuta inachora. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Inachora umbo, ukubwa, unene, hata mwendo wa damu. Shinikizo halina umbo la kuchorwa.

Mfikirie mbeba magunia ghalani. Kwa kumtazama tu, jinsi shingo ilivyolala na miguu inavyotetemeka, unaweza kukisia kabeba kilo ngapi. Lakini nyie watu wa korosho mnajua kuliko mimi kwamba hakuna anayelipwa kwa kukisia, mpaka gunia lipite kwenye mzani. MRI ni jicho linalomtazama mbebaji. Katheta ni mzani.

Hata hivyo jicho hilo ni kali. Chumba cha kulia cha moyo kimezoea mzigo mwepesi, ukuta wake ni mwembamba. Mishipa ya mapafu ikikaza, ukuta unanenepa, kisha chumba kinatanuka, na ukuta wa katikati unasukumwa upande wa kushoto hadi chumba cha kushoto, ambacho kikikatwa kimlalo huonekana duara, kinakuwa kama herufi D. MRI inahesabu yote hayo. Inatuambia pia kila pigo linatoa asilimia ngapi ya damu iliyoingia chumba cha kulia. Katika mwongozo huo wa 2022, kwa aina ya ugonjwa inayotokana na mishipa midogo ya mapafu yenyewe, asilimia inayozidi 54 humweka mgonjwa upande wa hatari ndogo. Chini ya 37 ni hatari kubwa. Kwa hiyo kwa mtu aliyekwishathibitishwa, MRI ni rafiki mzuri wa kurudiwa: dawa zinasaidia au moyo unaendelea kutanuka? Hapo ndipo mimi binafsi naipenda zaidi.

Wapo waliojaribu kuivusha zaidi ya hapo. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, wametengeneza hesabu inayochukua uzito wa chumba cha kulia ukilinganishwa na cha kushoto, pamoja na ule mpindo wa ukuta wa katikati, ikatoa makadirio ya shinikizo. Wa Graz, Austria, walionyesha mwaka 2008 kwamba damu ya wagonjwa hawa, ikiingia mshipa mkuu wa mapafu, huzunguka kama maji yanavyojisokota nyuma ya nguzo ya daraja, na kadiri shinikizo lilivyo kubwa ndivyo msokoto unavyodumu zaidi ndani ya kila pigo. Kazi nzuri sana. Lakini bado ni makadirio, na dawa za ugonjwa huu hazianzwi kwa makadirio.

Nina sababu yangu ya kuling'ang'ania hili. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi ya kusoma picha nililetewa MRI ya mama mmoja aliyekuwa anahema. Chumba cha kulia kilikuwa na ukubwa wa kawaida, kinasukuma vizuri, nikaandika hivyohivyo. Sikusema uongo. Ila familia ilisoma “kawaida” ikaelewa “hana ugonjwa”, wakarudi nyumbani, wakasahau katheta waliyokuwa wameandikiwa. Alirudi baada ya miezi kadhaa tumbo limejaa maji. Moyo wake siku ile ulikuwa bado unamudu mzigo, basi. Tangu hapo kila ripoti yangu ya namna hiyo huongeza mstari kwamba picha hii haiondoi presha ya mapafu.

Na hiyo 68 ya eko? Nayo isikutishe wala isikutoshe. Mashine ya eko haikugusa shinikizo. Ilipima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kulia. Kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 4, halafu huongezwa makisio ya shinikizo la chumba cha juu. Tuseme kasi ilikuwa mita 3.8 kwa sekunde: inakuja kama 58, ongeza 10, unapata 68. Mpimaji angeisoma 3.5 kwa sababu dada alikuwa anahema na picha inacheza, ingekuwa 59. Kosa dogo la kasi linazaa kosa kubwa la shinikizo. Tena hiyo 68 ni ya kilele cha pigo, wala si wastani, kwa hiyo usiiweke kando ya ile 20 niliyoitaja ukasema imezidi zaidi ya mara tatu. Pamoja na hayo, kasi inayopita 3.4 inatosha kutufanya tuamini kwamba ugonjwa upo kwa uwezekano mkubwa. Daktari wa Mtwara amefanya sawasawa kumtuma mbele.

Katheta humuogopesha mtu kwa jina lake kuliko kwa tendo lenyewe. Mwambie dada hivi: hakuna kupasuliwa kifua. Anapigwa ganzi shingoni, kwenye paja au mkononi, mrija mwembamba unapita ndani ya mshipa, na damu yenyewe inausindikiza mpaka moyoni na kwenye mshipa wa mapafu. Anakuwa macho, anaweza kuongea na daktari. Mwaka 1929 kijana wa Kijerumani, daktari Werner Forssmann, alijiingiza mwenyewe mrija wa mkojo kupitia mshipa wa mkono mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu kwenda chumba cha eksirei kujipiga picha. Mwaka 1956 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. (Na MRI nayo ilipata yake mwaka 2003.) Hatari zipo, nisikudanganye. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kutoka vituo vyenye uzoefu, wa vipimo zaidi ya 7,000, ulikuta madhara makubwa kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100, na vifo ni nadra mno. Kinachohitajika ni mahali penye mazoea ya kazi hiyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo pale Muhimbili.

Kwa hatari hiyo ndogo mnapata kitu ambacho MRI haiwezi kukitoa. Mrija hupima pia shinikizo linalotoka upande wa kushoto wa moyo. Ikiwa hilo ndilo lililopanda, tuseme kwa sababu ya vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, basi mapafu yanaumia kwa kosa la jirani na tiba ni kumshughulikia jirani. Kumpa mtu huyo dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, kama sildenafili, kunaweza kumzidishia maji mapafuni. Kwa hiyo kipimo hiki hakisemi tu “anao” au “hana”, kinaamua anywe nini.

Sasa chuma cha mguuni. Vyuma vya kuungia mifupa siku hizi ni titani au chuma cha pua kisichovutwa na sumaku kwa nguvu, na kikishakaa na mfupa ukaunga, kwa kawaida MRI inaruhusiwa. Kiko mbali na kifua, picha ya moyo haitaharibika. Bebeni karatasi ya upasuaji ule na amwambie mpiga picha mapema. Akisikia joto mguuni wakati wa kipimo, abonyeze kile kipira cha dharura anachopewa. Hilo limeisha.

Ila wewe umenitajia chuma kwa sababu ya sumaku, na mimi kimenishtua kwa sababu nyingine kabisa. Mfupa wa mguu uliovunjika mpaka ukawekwa chuma maana yake ni upasuaji, na pengine wiki nyingi za kulala kitandani. Hapo ndipo damu hupenda kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Bonge likikatika husafiri mpaka mapafuni na kukwama. Kwa watu wengi huyeyuka. Kwa wachache haliyeyuki: linakauka, linashikamana na ukuta wa mshipa kama kutu ndani ya bomba, na polepole shinikizo linapanda. Mgonjwa anaanza kuhema mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka ajali. Soma tena barua yako. Ajali miaka mitatu iliyopita, kuhema tangu mwaka jana.

Sisemi ndicho alichonacho, sijamwona. Nasema hicho ndicho cha kutafutwa kwanza, kwa sababu katika aina zote za presha ya mapafu hii ina upasuaji wa kusafisha mishipa unaoweza kuiondoa kabisa kwa mgonjwa anayefaa. Hufanyika katika vituo vichache vya nje vilivyobobea, lakini hata kabla ya huko kuna dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo mgonjwa wa aina hii huhitaji maisha yote. Kipimo kinachopendekezwa kuianza safari hiyo ni cha kulinganisha hewa na damu mapafuni kwa kutumia dawa yenye mionzi kidogo. Kikitoka safi, mabonge ya muda mrefu karibu tunayafuta. Kisipopatikana, siti-skani ya mishipa ya mapafu yenye dawa ya kung'arisha inaonyesha mengi, mradi asomaye aambiwe anatafuta mabonge ya zamani. Ya zamani hayafanani na mapya na hupita mbele ya macho kirahisi. Na hapa, kwa kweli, MRI inarudi mlangoni: ikipigwa ya mapafu yenyewe, dawa yake ya kung'arisha, gadoliniamu, ikifuatwa sekunde kwa sekunde inavyosambaa, huonyesha sehemu ambazo damu haifiki karibu sawa na kile kipimo cha mionzi. Inahitaji watu waliozoea.

Vyanzo vingine vitapimwa njiani na vingi ni vya bei ndogo: VVU, selimundu, alama za kifua kikuu cha zamani kwenye eksirei, moshi wa kuni wa miaka mingi, tundu la moyo la kuzaliwa nalo. Hilo la mwisho MRI inaliweza vizuri, kwa kuwa inapima damu inayokwenda mapafuni na inayokwenda mwilini ikaona kama zinalingana. Mtu atawatajia kichocho. Ni kweli kichocho husababisha presha ya mapafu, lakini hasa ni kile cha matumbo kinachofika kwenye ini, kinachosumbua zaidi Kanda ya Ziwa. Cha huku kwetu pwani ya kusini kwa sehemu kubwa ni cha mkojo. Kama dada aliwahi kuishi Mwanza au Ukerewe, semeni.

Ikiwa madaktari wa moyo wataiomba MRI pamoja na katheta, msiikatae. Ila kabla hamjakata tiketi, pigeni simu idara ya picha mnakoelekea muulize mambo matatu: mashine yao ina programu ya moyo, kuna mtu wa kusoma MRI ya moyo, na bima yenu inakubali kipimo chote au sehemu? Mashine ya MRI kuwepo hospitalini hakumaanishi inapiga moyo. Ubongo na mgongo vimetulia, moyo unacheza, na bila kuunganisha mashine na mapigo utapewa picha ya ukungu. Nimeona watu wamevuka Daraja la Mkapa na mgonjwa, wakafika Dar, wakaambiwa hayo.

Siku yenyewe atalala chali dakika 45 mpaka saa nzima, akiambiwa mara nyingi abane pumzi kwa sekunde kumi na kitu. Kama hawezi kulala bila mito miwili, waambieni kabla. Kama anatumia oksijeni, mtungi wa chuma haukanyagi chumba kile hata kwa dakika moja, maana sumaku haizimwi na mtungi huruka kama kombora. Atoe pini za mtandio, hereni, sidiria yenye waya, na hirizi yoyote, kwa sababu nyingi zina kipande cha chuma ndani hata mwenyewe hajui. Bibi mmoja mwenye nembo za Kimakonde usoni aliwahi kuniuliza kama sumaku itazivuta. Nembo zile za asili zilichanjwa kwa masizi, hazina chuma, akaingia akatoka salama. Kitanzi cha shaba na kijiti cha uzazi wa mpango havina shida. Apimwe figo kabla ya gadoliniamu, na aseme kama huenda ni mjamzito.

Nisipite hapo haraka. Mimba kwa mwenye presha ya mapafu ni hatari sana kwa mama, na uchungu na siku chache baada ya kujifungua ndizo mbaya zaidi. Kama anapanga mtoto wa tatu, asitishe mpaka majibu yote yawe mezani, na asijianzishie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwani huongeza kuganda kwa damu. Kijiti au kitanzi vinafaa kuzungumzwa na daktari wake.

Leo jioni, mkishakula, mkalishe dada umuulize hivi: wiki zile baada ya ajali, mguu uliwahi kuvimba upande mmoja, ukauma nyuma ya goti au kwenye kigimbi, na je, alipata ghafla kichomi au kukohoa damu hata siku moja? Alipotoka wodini alipewa sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu isigande, na alivitumia kwa muda gani? Andika majibu yake kwenye karatasi, bandika pamoja na karatasi ya upasuaji na ile ya eko, na hiyo ndiyo iwe ya kwanza kumkabidhi daktari mkifika.